Spika ya Inchi Kumi na Nane

Ile spika ilitoka mbele kabla betri haijaigusa. Ilitoka kidogo tu, unene wa ukucha, lakini Lamiley aliiona, na Lamiley hakuwa mtu wa kuona yasiyokuwepo. Mwanamke anayefunga madonge mia mbili ya kenke kwa siku ndani ya maganda ya mahindi, tena na mimba ya miezi saba, hana nafasi ya kuota ndoto mchana.

"Imesogea," alisema. "Hujaigusa na imesogea."

"Madam, hiyo ni mimba inasogea," alisema Kwaku Sumaku, muuza spika chakavu, na meno yake yote yakatoka nje.

Odartei, mume wa Lamiley, naye akacheka. Mwanamume akicheka pamoja na muuzaji hujiona mjanja.

Odartei alikuwa fundi wa muziki wa mazishi kule Teshie. Masanduku yake ya spika aliyatengeneza kwa mikono yake, plaiwudi, gundi na parafujo, na hakuna maiti ya heshima iliyoagwa mtaani kwao bila masanduku hayo kutikisa mabati. Lakini safari hii alikuwa amefanya ujinga. Alitengeneza kwanza sanduku la sabufa, akalisugua, akalipaka rangi nyeusi, akalikata tundu la inchi kumi na nane, ndipo akaingia mjini Accra kutafuta spika ya kulijaza. Ni sawa na kununua jeneza halafu ukazunguka mitaani kutafuta maiti ya kulienea.

Kwaku alikuwa amemwonyesha spika nzuri ya inchi kumi na tano. "Chukua hii, Bra Odartei. Koili yake safi, besi yake inaingia mfupani. Tundu lako lililozidi, weka duara la mbao uzibe."

"Nizibe? Watu waseme sanduku la Odartei lina kiraka?"

"Maiti hatauliza kiraka."

"Ndugu wa maiti watauliza. Leta ya kumi na nane."

Ndipo Kwaku akainama chini ya meza akaivuta hii kutoka kwenye gunia. Haikuwa na jina wala namba. Sumaku yake ilikuwa nene kama jiwe la kusagia. Koni, ule uso wake wa karatasi unaotikisika, ilikuwa imebadilishwa, nyeusi, na ngozi mpya kuzunguka ukingo. Odartei akafanya kama mafundi wafanyavyo. Aliinusa kwanza, maana koili, ule waya wa ndani, ikiungua hunuka, na hii haikunuka kuungua. Ilinuka udongo mbichi. Kisha akaisukuma kwa vidole vinne, asikie kama inakwaruza. Haikukwaruza. Ilizama taratibu ikamrudishia vidole, kama tumbo la mtu aliyelala.

"Ya nani hii?" aliuliza Lamiley.

"Mwenyewe aliacha kazi," alisema Kwaku, akalitazama gunia badala ya kumtazama yeye. Akachukua betri ya redio na vipande viwili vya waya. "Angalieni. Chanya kwa chanya, inatoka." Ikatoka. "Ukigeuza waya, inaingia." Ikaingia. "Ikifanya hivyo ni nzima. Betri nawapa nyongeza."

Bei ilikuwa nusu ya ile nyingine. Lamiley alifungua fundo la kanga yake akatoa noti za sidi huku moyo unakataa. Ndivyo tulivyo. Moyo unakataa na mkono unalipa.

*

Spika yenye ngozi mpya ni kama kiatu kipya, hukivai moja kwa moja kwenda harusini. Huzoeshwa. Unailaza wazi mezani, nje ya sanduku, unaipigia mlio mnene wa chini kabisa, saa nzima kila siku, mpaka ngozi ilegee. Odartei alijua hilo. Tabu ni kwamba mwezi wa kimya ulikuwa umeshaanza.

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Homowo, makuhani wakishapanda mahindi yao, Waga wote, wenyeji wa pwani ile, hunyamaza. Ngoma zinalazwa. Kanisani watu wanaimba kwa kunong'ona kama wezi. Mazishi ya muziki hakuna, maiti wanasubiri kwenye barafu. Na vijana wa kulinda kimya wanazunguka mitaani, wakikukuta na redio kubwa wanaibeba na wewe unaifuata ukilia. Siku kimya kikiondolewa, mazishi yote yanaangukia Jumamosi moja, na fundi ambaye sabufa yake haijawa tayari siku hiyo, atakaa nyumbani apige miayo.

"Utanyamaza kama wenzio," alisema Awo Yarley, mama yake Odartei, ambaye waliishi naye ua mmoja. Alikuwa mwembamba, mkali, na wote pale uani walimwogopa isipokuwa mbwa wao, Mdomo-Wako.

"Awo, sikiliza. Sikio la binadamu lina mwisho wake. Mlio nitakaoupiga uko chini ya huo mwisho. Wewe utausikia? Hutausikia. Vijana watausikia? Hawatausikia. Kuhani mwenyewe akikaa hapa mlangoni hatausikia. Sasa kelele iko wapi?"

Awo Yarley akasonya. "Na yule tunayemnyamazia, sikio lake linaishia wapi?"

Odartei akachukua amplifaya akaingia karakana.

*

Siku ya kwanza, saa saba mchana, Lamiley alikuwa uani anaosha maganda ya mahindi. Kulikuwa kimya, kimya cha mwezi ule, unasikia hata kisu cha jirani kikimenya muhogo. Maji kwenye beseni yakaanza kutetemeka. Yalijipanga duara ndani ya duara, mazuri kabisa, kama yamechorwa. Na mtoto tumboni, ambaye tangu mwezi wa tano wa mimba alikuwa anapiga mateke kama anadai kodi, akatulia ghafla.

Akasubiri. Saa nane Odartei alipozima, maji yakalala, mtoto akapiga teke.

"Usiipige tena hiyo spika," alimwambia jioni. "Mtoto anaisikiliza."

"Basi atakuwa fundi kama baba yake," alisema Odartei, akamega kenke, akachovya kwenye pilipili ya shito, akala na samaki mzima.

Siku ya pili kuku wa Awo Yarley walikufa wanne. Awo Yarley aliwapasua, maana hakuwa mtu wa kutupa nyama, akakuta mayai yamepasukia ndani na mifupa midogo imevunjika yote kama vijiti vya kibiriti. Alivitazama vile vipande, akavitupa shimoni. Siku hiyo hiyo harufu ikaanza, harufu ya shimo la kaburi lililochimbwa sasa hivi, ikitoka chini ya mlango wa karakana.

Siku ya tatu mbwa alibweka mlangoni pale tangu asubuhi, akasimamisha nywele, akarudi nyuma, akaenda tena. Saa saba akanyamaza. Lamiley alipotoka alimkuta amelala ubavu, ngozi nzima, hana jeraha, lakini alipomwinua, Mdomo-Wako alimwagika mikononi mwake kama gunia la vyungu vilivyovunjika.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia. Odartei alikuwa hajaingia kabisa siku ile, alikwenda kununua parafujo. Amplifaya ilikuwa imezimwa na waya zake zimekunjwa vizuri juu ya kigoda. Spika ililala mezani chali, haijaungwa na kitu chochote, na koni yake ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu anayengoja.

Usiku aliongea na mumewe kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na wa kuwasikia. Au ndivyo walivyodhani.

"Inapumua, Odartei."

"Ni upepo."

"Upepo gani unaoingia chumba kisicho na dirisha?"

Odartei alijivutia shuka. "Iko wazi ndiyo maana," alisema. "Spika isiyofungwa kwenye sanduku hutikisa kila kitu. Kesho naifunga. Ikishakaa nyumbani kwake itatulia."

Wanaume wengi wamezikwa na neno kama hilo mdomoni.

*

Siku ya nne aliikaza ndani ya sanduku kwa parafujo nane, akaunga waya za ndani kwenye vishikizo vya nyuma, chekundu cha chanya na cheusi cha hasi, kisha akaipigia ule mlio wake tena, akatoka kwenda kunawa mikono. Haikuchukua muda. Awo Yarley, aliyekuwa amekaa kibarazani anachambua dagaa, alisikia sauti ya marehemu mumewe ikimwita kutoka karakana, ikimwambia maneno ambayo mume hamwambii mke mbele ya watoto. Mwingine angelia. Yeye alisimama, akainua sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya kenke, akaingia nayo karakana.

"Mume wangu alikuwa bubu kwa mapenzi miaka arobaini," alisema, "leo ndiyo anajua maneno matamu? Mshenzi wewe, toka!"

Akayamwaga.

Maji hayakufika. Koni ilitoka mara moja tu, na Lamiley, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, hakusikia mlio wowote, ila aliona maji yanarudi hewani, sufuria inajikunja, na mama mkwe wake anapaa kinyumenyume na kupita kwenye ukuta wa mbao mpaka kibarazani, akaanguka juu ya dagaa zake na mfupa wa bega umechomoza nje ya ngozi na damu inatoka masikio yote mawili.

Hakufa. Watu wa namna yake hawafi kirahisi. Lakini alipofungua macho hakusikia tena. Walimpigia kelele, wakampigia makofi sikioni, hakugeuka.

Na Lamiley, akiwa amepiga magoti pale damuni, akaweka mkono tumboni na kuganda. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Aliusikia kwa kiganja, mzito, wa taratibu mno kwa moyo wa mtoto. Akageuka akaitazama koni kupitia ukuta uliobomoka. Ilikuwa inapanda na kushuka. Mtoto na koni walikuwa wanakwenda pamoja.

*

Siku ya tano walimleta Naa Korkoi, mwanamke wa mizimu, mfupi, mkavu kama samaki wa chumvi. Alikuja na kitambaa cheupe na kibuyu cha maji. Alisimama mlangoni akanusa, akamgeukia Odartei.

"Hawa tunaowanyamazia hawana macho, mwanangu. Mwezi huu wanapita mjini kwetu, na wanafuata mlio. Tunanyamaza ili wapite. Na wewe umekaa siku ngapi unamwita kwa sauti anayoisikia yeye peke yake?"

"Sikujua, Naa."

"Ulijua. Mama yako alikwambia. Tena umemjengea nyumba, ukaipaka na rangi."

"Nibebe sanduku nikalitupe baharini?"

"Amini nakwambia, hutalibeba. Nyumba anayo. Sasa anatafuta mwili wa kuuvaa, na mwili wa mtu mzima una mwenyewe." Akamtazama Lamiley tumboni. Lamiley alikuwa hajalala tangu jana, mkono tumboni, akihesabu moyo ule ukizidi kuwa mzito.

"Naweza kukimbia naye," alisema kwa sauti ndogo. "Niende kwa dada yangu."

"Ameshaushika moyo wake. Utakimbia na nini?"

Waliingia karakana wote watatu saa saba kamili, kumtoa. Naa Korkoi alitandaza kitambaa cheupe mbele ya sanduku, akanyunyiza maji, akaanza kumwita yule kiumbe kwa majina yake, na kwenye jina la tatu au la nne hivi sanduku likatembea. Liliinua upande mmoja kama mtu anayeinua mguu, likaushusha, likainua upande wa pili, zito vile, na kwa kila hatua koni ikapiga, na pigo la kwanza lilimpata Naa Korkoi mdomoni likang'oa meno yake ya mbele yakagonga bati juu kama mvua ya mawe, na la pili likaangusha rafu ya masanduku yote ya Odartei, na la tatu likampata Odartei ubavuni naye akaanguka, na mbavu zake zilivunjika moja baada ya nyingine, tena taratibu, kama mtu anavunja kuni za jioni, huku hewa yote chumbani ikinuka kaburi na spika yenyewe haitoi hata mlio mmoja, kimya, kimya kile kile walichoagizwa, mpaka ungeweza kusikia damu ya Naa Korkoi ikidondoka juu ya kitambaa.

"Waya!" alihema Odartei. "Lazima nikate waya wa ndani!" Akatambaa kwa kiwiko, akapenyeza mkono wa kulia kwenye tundu la pumzi, lile tundu dogo chini ya sanduku, mpaka begani, akipapasa. Kisha uso wake ukabadilika. "Kimenishika," alisema, kama mtoto. "Lamiley, kina vidole."

Lamiley alikuwa chini, mgongo ukutani, miguu imepanuka bila yeye kutaka. Kwa kila pigo la koni mtoto alikuwa anashuka, anavutwa, mifupa ya nyonga inalia, maji ya moto yanamtiririka mapajani, na moyo wa mtoto haukuwa tena tumboni mwake, ulikuwa masikioni, ulikuwa kwenye mabati, ulikuwa kwenye ile koni nyeusi inayotoka, inatoka, inatoka. Inatoka. Akakumbuka duka. Akakumbuka meno ya Kwaku Sumaku. Chanya kwa chanya, inatoka. Ukigeuza waya, inaingia.

Betri ya nyongeza ilikuwa imeanguka pale kutoka mezani pamoja na waya zake mbili. Alitambaa juu ya maji, juu ya meno, akaishika, akazunguka nyuma ya sanduku penye kishikizo chekundu na cheusi. Odartei alimwona. Alikuwa fundi, alielewa mara moja.

"Ngoja, mke wangu. Kikiingia kitaingia na mimi. Ngoja nitoe mkono."

"Utoe."

"Hautoki."

"Vuta!"

"Lamiley, ndio mkono wangu wa kazi."

Koni ikapiga. Mtoto akashuka. Lamiley alisikia kichwa kikifika mlangoni, miezi yake haijatimia. Alimngoja mumewe kwa pigo moja. La pili hakumngoja. Akaweka chanya kwenye cheusi, hasi kwenye chekundu.

Koni iliingia. Iliingia ikapita pale inapostahili kuishia, ikavuta, kitambaa cheupe kikaenda, maji ya kibuyu yakaenda, vumbi na harufu na misumari ya ukutani vikaenda, na Odartei akapiga ukelele mmoja mrefu sana, na ndani ya sanduku kitu kikatafuna. Halafu sanduku likapasuka. Huo ndio ulikuwa mlio wa kwanza wa sanduku lile kusikika nje ya ua kwa siku zote tano, na Teshie nzima iliusikia. Vijana wa kulinda kimya walifika kwa mbio wakiwa wamejiandaa kukamata, wakakuta cha kubeba ni watu.

Koni ilikuwa imegeuka ndani nje kama utumbo wa mbuzi uliooshwa. Mkono wa Odartei uliishia kiwikoni. Kipande kilichokatwa hakikuonekana popote, hata mfupa.

Naa Korkoi alikuwa amekaa sakafuni, kiganja mdomoni. "Kimeingia?" aliuliza kupitia damu.

"Kimeingia, Naa," alisema Lamiley. Tumbo lake lilikuwa limetulia. Mtoto alikuwa amepanda tena mahali pake.

"Kimeingia wapi?"

"Ndani."

Bibi yule akazitazama mbao zilizopasuka. Kisha akalitazama tumbo la Lamiley, muda mrefu. Alikusanya meno yake akaenda zake, na hata ujira hakuchukua.

*

Kimya kiliondolewa wiki tatu baadaye. Makuhani walipopiga ngoma ya kwanza, Lamiley alishikwa na uchungu, na mtoto wa kiume akazaliwa siku hiyo, mkubwa kuliko miezi yake, vidole vyote kumi.

Hakulia. Mkunga alimpiga makalio. Mtoto alifungua mdomo, uso ukaiva, ulimi ukatetemeka, kifua kikajaa na kupungua, lakini sauti haikutoka. "Anapumua vizuri," alisema mkunga akijifuta jasho. "Wengine huchelewa." Jumamosi alfajiri Lamiley akarudi naye nyumbani.

Odartei alikuwa kitandani amefungwa bandeji, anatazama ukuta. Nje mji mzima ulikuwa unavuma, sabufa za watu wengine zinazika maiti za watu wengine. Lamiley alimlaza mtoto kwenye mkeka kibarazani, akachota maji ya kumwogeshea.

Mtoto akafungua mdomo wake, akaufungua wote. Hakuna sauti.

Kwenye beseni, maji yakajipanga duara ndani ya duara.

Lamiley alisimama pale na kata mkononi. Na kutoka ndani, Awo Yarley, ambaye tangu siku ile ya dagaa hakusikia ngoma wala radi wala jina lake mwenyewe, akapaza sauti kwa hasira:

"Lamiley! Mpe ziwa huyo mtoto! Tangu asubuhi ananingurumia masikioni, sauti nene kama jibaba!"